Kupanga nyumba ugenini bila mshahara wa kila mwezi: ulipe mbele, utafute mdhamini, uonyeshe akiba au uanze na chumba?

Anayetafuta nyumba ya kupanga Ujerumani huombwa vitu vilevile kila anakokwenda: kitambulisho, hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, na taarifa ya Schufa inayoonyesha kama ana madeni. Paris wenye nyumba wengi wanataka mapato yanayofika mara tatu ya kodi. New York wana kanuni ya mara arobaini, yaani kipato chako cha mwaka kifike kodi ya mwezi mmoja mara 40. Nchi zinatofautiana, lakini hofu ni ileile. Mwenye nyumba anaogopa mwezi ambao kodi haitaingia, na hati ya mshahara ndiyo dawa aliyoizoea.

Mimi sina hati hiyo. Natafsiri nyaraka, nalipwa kwa ankara, na imewahi kupita miezi miwili mfululizo bila senti kuingia. Kwa hali hiyo nimepanga katika nchi tatu. Nimelipa mbele, nimewekewa mdhamini, nimeonyesha akiba, na nimekaa chumba kimoja katika nyumba ya watu wengine. Njia zote nne zilinipatia funguo. Tofauti yake niliiona pale mambo yalipoharibika, na kwa hiyo naomba uzilinganishe kwa kipimo hicho: ukikwama mwezi wa pili, pesa yako iko mkononi mwa nani?

Hesabu moja kwa njia zote

Tuseme una akiba ya euro 12,000. Nyumba unayoitaka kodi yake ni euro 800 kwa mwezi, na chakula, usafiri, bima na simu vinakula euro 700. Amana ni kodi ya miezi miwili. Chumba katika nyumba ya pamoja ni euro 450, na amana yake mwezi mmoja. Kazi haijaanza kuingiza chochote.

| Njia | Unatoa siku ya kwanza | Kinachobaki | Ulichonacho mwisho wa mwezi wa pili |
|---|---|---|---|
| Kodi ya miezi 6 mbele, pamoja na amana | 6,400 | 5,600 | 4,200 |
| Mdhamini ambaye ni mtu, amana, kodi ya mwezi mmoja | 2,400 | 9,600 | 7,400 |
| Kampuni ya udhamini (ada ya nusu ya kodi), amana, kodi ya mwezi mmoja | 2,800 | 9,200 | 7,000 |
| Benki inazuia kodi ya mwaka mzima, kodi ya mwezi mmoja | 10,400 | 1,600 | upungufu wa 600 |
| Akiba kama ushahidi tu, amana, kodi ya mwezi mmoja | 2,400 | 9,600 | 7,400 |
| Chumba, amana, kodi ya mwezi mmoja | 900 | 11,100 | 9,250 |

Ukiendelea na hesabu hadi mwisho wa mwezi wa sita utaona jambo ambalo wanaopigia debe malipo ya mbele hulitaja haraka: aliyelipa miezi sita na aliyepata mdhamini wote wamebakiwa na euro 1,400. Hilo ni kweli, kwa sababu kodi ni ileile, iwe imelipwa mapema au mwezi kwa mwezi. Ila angalia mwezi wa pili. Mmoja ana 4,200, mwingine ana 7,400. Zile 3,200 katikati ni kodi ya miezi minne ambayo bado hujaikaa, na tayari iko kwenye akaunti ya mtu mwingine. Kwa mwenye mshahara, hizo ni pesa zilizotangulia tu. Kwa asiye na mshahara, akiba ndiyo mshahara wenyewe, na hapo ameutoa wa miezi minne kwa mtu aliyemfahamu juma lililopita.

Aliyechukua chumba anafika mwezi wa kumi kabla ya kukauka. Wengine wote waliochukua nyumba nzima hawana pesa ya kutosha mwezi wa saba.

Kulipa mbele: njia ya haraka, na ninayoiogopa zaidi

Dalali akisikia huna mshahara, neno linalomtoka kwanza ni hili: "Lipa miezi sita au kumi na miwili, mwenye nyumba atakubali." Mara nyingi anakubali kweli. Huhitaji ndugu wa kukusimamia wala kueleza kazi yako. Mwanzoni nilifanya hivyo nikajiona mjanja.

Mwezi wa pili mtambo wa kupasha joto ulizima. Ilikuwa majira ya baridi. Asubuhi kioo cha dirisha la chumbani kilikuwa na maji upande wa ndani, na nilikuwa nafanya kazi nimejifunika blanketi, vidole vikiuma kila nikigusa kibodi. Nilimwandikia mwenye nyumba, akajibu kwamba fundi anakuja. Nikaandika tena. Jibu la pili lilichukua siku tisa. La tatu halikuja. Jirani wa ghorofa ya chini, aliyekuwa anamlipa mwenye nyumba huyohuyo mwezi kwa mwezi, alimwambia kwamba atapeleka malalamiko na kuomba kodi ipunguzwe, na fundi akaonekana kwake ndani ya siku mbili. Mimi nilikuwa na nini cha kumwambia? Kodi yangu ya hadi Juni alikuwa nayo.

Kodi ya kila mwezi ndiyo inayomfanya mwenye nyumba apokee simu yako. Ukiimaliza siku ya kwanza, unabaki na barua na mahakama, katika lugha ambayo pengine bado hujaimudu.

Kuna jambo jingine ambalo madalali hawalisemi, au hawalijui: katika baadhi ya nchi njia hii imezuiwa au imebanwa. Hispania, sheria ya upangaji wa mijini hairuhusu mwenye nyumba kudai kodi ya mbele inayozidi mwezi mmoja. Jimbo la New York, tangu mwaka 2019, amana au malipo ya mbele hayapaswi kuzidi kodi ya mwezi mmoja. England, sheria mpya ya haki za wapangaji iliyopitishwa mwaka 2025 imeweka kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 2026 mwenye nyumba hawezi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla ya upangaji kuanza. Kwa miaka mingi wageni wasio na mshahara wa Uingereza waliingia kwa kulipa miezi sita, na sasa wengi wao itabidi watafute mdhamini. Ukikuta ushauri wa zamani unaokuambia "England lipa sita tu", usiufuate.

Upande mwingine wa dunia mambo yamekaa tofauti. Dubai kodi hulipwa kwa cheki za tarehe za mbele, na kadiri cheki zinavyokuwa chache ndivyo mwenye nyumba anavyokuwa mwepesi kukupunguzia bei. Cheki moja maana yake umelipa mwaka. Korea Kusini kuna utaratibu wa jeonse: unampa mwenye nyumba fedha nyingi, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba, hulipi kodi ya mwezi, na mkataba ukiisha baada ya miaka miwili anakurudishia. Kwa mwenye akiba na asiye na kipato unasikika kama jibu la dua. Bei za nyumba zilipoanza kushuka mwaka 2022, wapangaji wengi hawakurudishiwa fedha zao, wengine walikuwa wametapeliwa tangu mwanzo, na Mei 2023 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria maalumu ya kuwasaidia waathirika. Kama utaingia jeonse, usiingie bila dhamana ya kurejeshewa amana inayotolewa na taasisi ya bima ya nyumba.

Nikilazimika kulipa mbele tena, mahali sheria inaporuhusu, nitalipa miezi mitatu na si zaidi. Nitakuwa nimeingia ndani ya nyumba kwanza, pesa itapita benki, na mkataba utataja kwa majina miezi iliyolipwa na kusema kwamba nikiondoka kwa notisi halali, kodi ya miezi ambayo sijaikaa inarudishwa ndani ya siku kadhaa zinazotajwa. Mwenye nyumba akikataa sentensi hiyo ya mwisho, amekwambia atakavyofanya siku ya kuondoka.

Mdhamini: pesa inabaki kwako, deni la shukrani linabaki kwa mwingine

Mdhamini anaahidi kulipa usipolipa. Kwa mfuko wako hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote kwenye lile jedwali. Ugumu ni kumpata. Mwenye nyumba anamtaka mdhamini aliyeko nchini humo, mwenye mshahara, na mara nyingi mshahara mkubwa: New York kanuni ya mdhamini ni mara 80 ya kodi ya mwezi, maradufu ya ile ya mpangaji. Mjomba mwenye biashara nzuri nyumbani kwenu hahesabiwi kwa wenye nyumba wengi, kwa kuwa hawawezi kumfikisha mahakamani.

Mimi nilidhaminiwa na mke wa binamu yangu, Ufaransa. Nataka kusema wazi kile ambacho hakuna aliyemweleza kabla hajatia saini. Kuna udhamini wa kawaida, ambapo mwenye nyumba anamdai mpangaji kwanza na akishindwa ndipo anamwendea mdhamini. Na kuna udhamini wa pamoja, unaoitwa solidaire, ambapo kodi ikichelewa mwenye nyumba anaruhusiwa kwenda kwa mdhamini moja kwa moja. Wenye nyumba karibu wote wanaomba huu wa pili. Shemeji alitia saini akidhani ni ule wa kwanza. Sikuwahi kuchelewesha kodi, namshukuru Mungu, lakini kila ankara ilipokawia nilikuwa namfikiria yeye kabla ya kujifikiria mimi. Ukimwomba mtu akudhamini, mweleze hilo, mwonyeshe kiwango cha juu na tarehe ya kikomo kilichoandikwa, kisha mpe wiki nzima ya kufikiri. Akisita, mwache.

Kama huna mtu, kuna taasisi. Ufaransa hiyohiyo ina Visale, udhamini wa bure unaotolewa na taasisi ya makazi iitwayo Action Logement. Wenye umri wa miaka 18 hadi 30 wanaweza kuuomba, wakiwemo wanafunzi na wageni wenye viza ya muda mrefu au kibali cha ukaazi, na katika nyumba za watu binafsi unafunika kodi isiyolipwa ya hadi miezi 36. Unaombwa kabla ya kutia saini mkataba, ukishasaini umechelewa. Mwenye nyumba anaweza kuukataa, na wengine wanaukataa kwa kutoufahamu tu, kwa hiyo nenda na cheti chake mkononi. Aliye ndani ya umri huo, anayekwenda Ufaransa, asianze kwa njia nyingine yoyote.

Japani kampuni za udhamini zimekuwa sehemu ya kawaida ya kupanga. Ada ya mwanzo huwa kati ya nusu ya kodi ya mwezi na kodi nzima, kisha kuna ada ndogo ya kila mwaka. Ada hiyo hairudi. Tena kampuni ikikulipia kodi, inakudai wewe, haijakusamehe. Wapo wanaodhani wamenunua bima inayowalinda wao, ilhali anayelindwa ni mwenye nyumba.

Dhamana ya benki ni ile inayozuia kodi ya mwaka, au ya miezi kadhaa, kwenye akaunti usiyoweza kuigusa. Kwa mwenye akiba kubwa sana ni njia safi, maana pesa bado ni yake. Kwa mwenye zile 12,000 ni kujifunga miguu: umepata nyumba, umekosa chakula cha mwezi wa pili. Jedwali limeshasema.

Akiba na karatasi: kazi nyingi, gharama ndogo

Hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako, hata kama utaanza kwa njia nyingine. Maana yake ni kumshawishi mwenye nyumba kwa ushahidi badala ya kumpa pesa.

Japani kuna mfano uliowekwa wazi. Nyumba za shirika la umma linaloitwa UR hazidai mdhamini wala "zawadi", yaani pesa ambayo huko mpangaji humpa mwenye nyumba anapoingia na ambayo hairudi. Asiyefikia kipimo cha mapato anaweza kukubaliwa kwa akiba inayofika kodi ya mwezi mara 100. Ni kiwango kikubwa, lakini pesa hizo zinaonyeshwa tu, hazitolewi. Mwenye kibali cha ukaazi na akiba ya kutosha anaingia bila kuonyesha mshahara.

Kwa watu binafsi hakuna kipimo kilichoandikwa, kwa hiyo unakijenga wewe. Mara ya kwanza nilipeleka kurasa arobaini na moja za taarifa ya benki. Hakuna aliyezisoma. Mara ya pili nilitengeneza ukurasa mmoja wenye safu tatu: mwezi, pesa iliyoingia, kodi niliyolipa na tarehe yake. Miezi kumi na miwili. Chini yake wastani, na chini ya wastani akiba iliyopo siku hiyo. Viambatisho vikawa nyuma: makadirio ya kodi ya mapato, mikataba ya wateja wawili wa kudumu, na barua ya mwenye nyumba wangu wa zamani kwamba sidaiwi.

Mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyepangisha ghorofa ya juu ya nyumba aliyoishi mwenyewe huko Ujerumani, alichukua rula akaiweka juu ya karatasi, akawa anaishusha mstari kwa mstari. Ikasimama Februari.

"Hapa iliingia sifuri."

"Ndiyo."

"Na kodi ukalipa tarehe moja?"

Nikamwonyesha Novemba, mwezi ambao niliingiza mara tatu ya wastani. Akashusha rula hadi Machi, akarudi tena Februari, akavua miwani. Nyumba nilipewa kwa amana ya kawaida.

Nimefikiria sana siku ile. Wengi tunaficha mwezi wa sifuri. Tunatoa wastani, tunatoa jumla ya mwaka, tukidhani tundu hilo litatukosesha. Kumbe mwezi wa sifuri uliolipiwa kodi kwa tarehe yake ndio ushahidi ambao mwenye mshahara hana. Anayelipwa kila tarehe 25 hajawahi kuonyesha atafanya nini siku mshahara usipokuja.

Tahadhari mbili. Ufaransa sheria imeweka orodha ya nyaraka ambazo mwenye nyumba anaruhusiwa kuomba, na taarifa ya akaunti ya benki haimo. Akikulazimisha utoe, anavunja sheria. Huko tumia makadirio ya kodi ya mapato na hesabu za mwaka za shughuli yako, na serikali ina huduma ya bure ya DossierFacile inayopanga na kuhakiki faili lako. Ya pili: popote ulipo, funika namba za akaunti na majina ya wateja kabla hujatuma nyaraka kwa mtu usiyemfahamu. Wapo matapeli wanaotangaza nyumba zisizokuwepo kwa ajili ya kukusanya vitambulisho tu.

Amana nayo ina mipaka inayofaa kujulikana kabla ya kujadiliana, maana asiye na mshahara huambiwa "basi toa amana maradufu". Ujerumani mwisho ni kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, una haki ya kuilipa kwa awamu tatu, na mwenye nyumba anapaswa kuitenga na mali yake. Ufaransa ni mwezi mmoja kwa nyumba tupu na miwili kwa yenye samani. Hispania ni mwezi mmoja, na dhamana ya nyongeza isiyozidi miezi miwili katika mikataba ya hadi miaka mitano. England ni kodi ya wiki tano ikiwa kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000, na lazima iandikishwe katika mpango unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Kutaja kiwango cha sheria kwa upole hakujawahi kunikosesha nyumba ambayo kweli ningependa kuishi.

Chumba au mkataba wa miezi michache

Nyumba ya pamoja haina heshima kubwa machoni pa mtu mzima aliyezoea mlango wake, najua. Lakini wanaokuchagua ni watu watakaoishi nawe, na swali lao kubwa ni kama utaosha sufuria yako, wala si hati ya mshahara. Unaingia kwa amana ndogo, na baada ya miezi sita una kitu ambacho pesa hainunui: historia ya kulipa kodi ndani ya nchi hiyo. Ile safu ya tatu ya ukurasa wangu ilijazwa na kodi za chumba.

Kagua mambo mawili kabla ya kufurahi. Kwanza, kama anayekupangisha naye ni mpangaji, omba kuona idhini ya mwenye nyumba. Ujerumani bila idhini hiyo yeye anaweza kuvunjiwa mkataba, na wewe utajikuta nje bila kosa lako. Pili, uliza kama utaruhusiwa kuandikisha anwani. Ujerumani unatakiwa kujiandikisha ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na anayekupa nyumba anapaswa kukupa barua ya kuthibitisha. Anayesema "kaa tu, usijiandikishe" anakuuzia chumba kitakachokukwamisha kwenye kibali, benki na bima. Chumba cha bei nafuu kisicho na anwani ni ghali.

Mikataba ya muda wenye kikomo ni ndugu wa njia hii. Ufaransa tangu mwaka 2018 kuna mkataba wa mwezi mmoja hadi kumi kwa wanafunzi, walio mafunzoni au kwenye kazi za muda, ambapo mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana kabisa. Hispania utaona matangazo mengi ya kupangisha kwa msimu; wanakagua mapato kwa ulegevu zaidi, lakini mkataba wa msimu haukupi ile haki ya kubaki hadi miaka mitano ambayo mkataba wa makazi unakupa. Uchukue kama daraja, ukijua tarehe ya kuvuka.

Gharama ya kutoka

Hii haimo kwenye jedwali langu na ingebadilisha mengi. Asiye na kipato cha uhakika anahitaji kuweza kuhama akizidiwa. Ujerumani mpangaji wa kawaida anatoa notisi ya miezi mitatu. Kwa nyumba yetu ya 800 hiyo ni 2,400 unazodaiwa hata ukiamua leo. England chini ya utaratibu mpya ni miezi miwili. Hispania unaweza kuondoka baada ya miezi sita kwa notisi ya siku 30, ingawa mkataba unaweza kukutoza fidia. Ufaransa nyumba yenye samani ni mwezi mmoja, tupu ni mitatu, au mmoja katika miji yenye uhaba wa nyumba. Kwa hiyo Ufaransa nyumba yenye samani, hata ikiwa ghali kidogo, inaweza kuwa nafuu kwa mtu wa aina yetu. Na Ujerumani soma kama kuna kifungu cha kutohama kwa muda fulani. Kipo kwenye mikataba mingi na kinafunga kweli.

Nani achukue ipi

Anayefika nchi kwa mara ya kwanza akiwa na akiba ya chini ya mwaka mmoja wa matumizi: chumba kinachoandikishika, miezi sita hadi kumi na miwili, huku unajaza ule ukurasa. Sina shaka na hili, na ningemwambia hivyo mdogo wangu.

Mwanafunzi au kijana anayekwenda Ufaransa: Visale, kisha mkataba mfupi au nyumba yenye samani.

Aliyeuza mali na ana akiba ya miaka kadhaa lakini hafanyi kazi: ushahidi wa akiba kwanza, dhamana ya benki ya pili. Kwa kiasi chake haitamkaba, na pesa inaendelea kuwa yake. Huyu ndiye anayebembelezwa zaidi alipe mwaka mzima, kwa sababu anaonekana anazo.

Anayejiajiri na ana rekodi ya mwaka mmoja au zaidi: karatasi na amana ya kawaida, tena kwa mwenye nyumba binafsi kuliko kampuni. Kampuni huchuja maombi kwa mfumo, na mfumo hauna rula ya kusimama Februari. Ukikataliwa mara nyingi, ongeza kampuni ya udhamini, ukihesabu ada yake kama pesa iliyokwenda.

Aliyemfuata mwenzi mwenye mshahara: mshahara wa mwenzi utabeba maombi, lakini hakikisha jina lako limo kwenye mkataba. Bila jina hilo, siku mkigombana au akipata kazi mji mwingine, huna nyumba na huna historia ya kulipa. Na kodi, hata sehemu ndogo, itoke kwenye akaunti yako kwa tarehe ileile kila mwezi.

Kwa wote: usitume pesa kabla wewe, au mtu unayemwamini, hajasimama ndani ya nyumba hiyo. England unaweza kuona jina la mmiliki kwenye daftari la ardhi kwa ada ndogo, na Hispania unaomba nakala fupi ya daftari la mali inayoitwa nota simple. Siku ya funguo piga picha mita za umeme na maji, fungua kabati la chini ya sinki, sogeza kitanda utazame ukuta wa nyuma, na uzitume zote kwa mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyohiyo, kabla hujafungua begi.